Sukari Ikisoma 6.4: Mazoezi, Kopo la Vitamini na Mishipa ya Damu

Majibu yanayoninyima raha maabara si yale ya 18 au 22. Mwenye 22 anaonwa na daktari siku hiyohiyo, anaandikiwa dawa, ndugu wanapigiwa simu. Yanayoninyima raha ni yale ya 6.4. Mtu kaja asubuhi hajatia kitu mdomoni, katobolewa kidole, mashine imesoma 6.4, naye ana swali moja tu: "Kwa hiyo kisukari sina?" Anaambiwa hana. Anamshukuru Mungu, anakunja karatasi yake, anadandia daladala ya Igoma. Wengine hupitia kwanza duka la dawa, wakauziwa kopo la vitamini "za kusafisha mishipa", na wanalimeza wakiamini kazi imeisha.

Kazi ndiyo kwanza inaanza. Nimekaa maabara hapa Mwanza muda wa kutosha kuona watu wa 6.4 wakirudi na 9, na wengine wakirudi na 5.3. Nimesoma sana kuhusu jambo hili, kwa sababu limeingia hadi kwenye ukoo wangu, na ninachoamini ni kwamba miguu ya mtu inaifanyia mishipa yake kazi ambayo kopo linaiahidi tu. Zaidi ya hapo, kopo lenye dozi kubwa linaweza hata kuirudisha nyuma kazi ya miguu. Hilo la pili ndilo watu wengi hawajaambiwa.

Kwanza namba zenyewe. Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya asubuhi kabla ya kula ikiwa kati ya 6.1 na 6.9 milimoli kwa lita, mtu yuko kwenye hatua inayotangulia kisukari. Chama cha kisukari cha Marekani kinaanzia chini zaidi, 5.6. Ikifika 7.0, na ikarudiwa siku nyingine ikawa hivyo, hapo ni kisukari. Kuna pia kipimo cha kunywa gramu 75 za glukosi na kupimwa baada ya saa mbili: kuanzia 7.8 hadi 11.0 ni hatua hiyohiyo ya katikati. Na kuna HbA1c, inayoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, ambapo Wamarekani huihesabu hatua hii kuanzia asilimia 5.7 hadi 6.4. Kwa HbA1c nina neno kwa sisi wa Kanda ya Ziwa, ambako vinasaba vya selimundu, yaani sikoseli, ni vingi. Kipimo hiki kinasoma sukari iliyonata kwenye chembe nyekundu za damu. Mwenye selimundu, na wakati mwingine hata mwenye kurithi upande mmoja tu, au mwenye upungufu mkubwa wa damu, anaweza kupata jibu lisilo la kweli. Mwambie daktari wako historia hiyo kabla hujatolewa damu.

Sasa twende kwenye mishipa, maana huko ndiko madhara yanakoanzia kimyakimya. Mwenye 6.4 hasikii chochote. Haamki usiku kukojoa kila mara, hana kiu ya ajabu, macho yake yanasoma ujumbe wa simu vizuri. Hata hivyo watu wa kundi lake wanapata ugonjwa wa moyo na kiharusi zaidi ya wenye sukari ya kawaida. Mishipa haisubiri sukari ifike 7.0 ndipo ianze kuumia.

Ndani ya kila mshipa wa damu, kuanzia ule mkubwa unaotoka kwenye moyo hadi vile vya ndani ya jicho, kuna utando wa seli zilizopangwa safu moja tu. Kitaalamu huitwa endotheliamu. Zamani ulichukuliwa kuwa bitana tu. Mwaka 1980 Robert Furchgott wa Marekani, akitumia mishipa ya sungura, alionyesha kwamba mshipa uliokwanguliwa utando huo hukataa kulegea hata ukiwekewa kemikali ya kuulegeza. Baadaye ikajulikana kwamba utando huu hutoa gesi, naitriki oksaidi, inayouamuru msuli wa mshipa ulegee na njia ipanuke. Gesi hiyohiyo inazuia chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zisigandamane, na inazuia seli za kinga zisinate kwenye ukuta na kuanzisha uvimbe na mafuta. Kwa ugunduzi huo Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Kile kidonge cha naitrogliserini anachowekewa chini ya ulimi mgonjwa wa moyo anayebanwa kifua kinafanya kazi kwa njia hiyohiyo: kinatoa naitriki oksaidi.

Sukari inapopanda, seli za utando huo huzalisha chembe huru, yaani kemikali zisizotulia zinazoharibu seli, nyingi kupita kawaida, hasa ile iitwayo superoksaidi. Superoksaidi ikikutana na naitriki oksaidi huidaka papo hapo, na kinachozaliwa ni peroksinaitraiti, kemikali kali inayoshambulia seli. Kwa hiyo mshipa unapata hasara mara mbili: gesi ya kuulegeza imepotea na sumu imeongezeka. Tena kimeng'enya kinachotengeneza naitriki oksaidi kikiharibiwa kemikali kinayoitegemea, kinageuka na kuanza kuzalisha superoksaidi chenyewe. Mlinzi kawa mwizi.

Hili linapimika, na kipimo chenyewe ninakipenda kwa kuwa ni rahisi kukielewa. Mtu analala chali, mkono umenyooshwa. Kwa ultrasaundi wanaangalia mshipa mkuu wa mkono, juu kidogo ya kiwiko, na kupima upana wake. Kisha mkono unafungwa kwa ule mkanda wa kupimia presha, unapulizwa mpaka damu isipite, na unaachwa hivyo dakika 5. Vidole vinapauka, mkono unakufa ganzi. Mkanda ukifunguliwa, damu inarudi kwa kishindo na kuusugua utando wa mshipa. Utando wenye afya hujibu kwa kumwaga naitriki oksaidi, na kwa muda wa dakika moja hivi mshipa unapanuka mbele ya macho yako kwenye skrini. Utando uliochoka hautikisiki, au unatikisika kidogo sana. Kipimo hiki kilielezwa mwaka 1992 na watafiti waliokuwa London, na kimetumika tangu hapo kwa watu ambao moyo wao bado haujawaletea shida yoyote. Watu wa hatua ya kabla ya kisukari, kwa jumla, mishipa yao hupanuka kidogo kuliko ya wenzao.

Hapo ndipo mantiki ya vitamini inapoingia, na lazima niiheshimu, maana haikutoka hewani. Kama tatizo ni chembe huru, basi mpe mtu kinachozizima. Vitamini C hufanya hivyo kwenye maji ya mwili, vitamini E hufanya hivyo kwenye mafuta ya kuta za seli. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani waliingiza vitamini C moja kwa moja kwenye mshipa wa mkono wa watu wenye kisukari aina ya pili, na mishipa iliyokuwa migumu ikalegea vizuri zaidi. Mwaka 2000 wengine waliwanywesha watu wazima wenye afya glukosi, wakaona upanukaji wa mshipa unashuka kwa saa kadhaa. Waliotangulizwa vitamini C na E hawakushuka. Ukisoma hayo mawili tu, hata mimi nitakimbilia duka la dawa.

Lakini kulegea kwa mshipa kwa saa chache ni jambo moja, kuzuia kiharusi kwa miaka ni jambo jingine. Utafiti ulioitwa HOPE uliwafuatilia zaidi ya watu 9,500 wenye hatari kubwa ya moyo, zaidi ya theluthi yao wakiwa na kisukari. Nusu walipewa vitamini E yuniti 400 kila siku kwa takribani miaka minne na nusu. Majibu yalitoka mwaka 2000: hakuna tofauti katika mshtuko wa moyo, kiharusi wala vifo. Walipofuatiliwa zaidi, mwaka 2005 ikaonekana waliomeza vitamini E walipata moyo kushindwa kazi zaidi ya wenzao. Uingereza nako, watu 20,536 walipewa mchanganyiko wa vitamini C, E na beta karotini, ambayo mwili huigeuza vitamini A, au kidonge kisicho na dawa kwa miaka 5. Majibu ya 2002 yakawa yaleyale: hakuna faida. Kuhusu beta karotini, Finland iliwapa wavuta sigara wa kiume miligramu 20 kwa siku ikitarajia kuwakinga na saratani ya mapafu, na mwaka 1994 ikatangazwa kwamba waliomeza walipata saratani hiyo kwa asilimia 18 zaidi. Mwaka 2011 Marekani ikaripoti kwamba wanaume waliomeza vitamini E yuniti 400 walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi.

Huwa ninazitaja namba hizi taratibu nikiwa na mtu, kwa sababu anayenunua kopo kwa kawaida si mzembe. Ni mtu anayetaka kupona.

Mama yangu mdogo ni mmoja wao. Anaishi Bugarika, kule nyumba zilikopandiana juu ya miamba, na biashara yake ni dagaa, Mwaloni Kirumba. Ni mwembamba, mwili wa kijana, na kwa hilo alikuwa na uhakika kuwa sukari haimhusu. Alipopima ikasoma 6.6. Nilipofika kwake alikuwa ameshanunua kopo, kalificha nyuma ya redio.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu, karibu. Njoo unisomee hiki kikopo, maandishi yake madogo kama mayai ya chawa."

Nikasoma. Vitamini C miligramu 1,000, vitamini E yuniti 400, kimoja kila siku. Nikamuuliza aliyemuuzia alimwambia nini.

"Kasema kinazibua mishipa. Kasema nikimeza hiki hata nisipohangaika na mazoezi, mishipa itakuwa ya msichana."

"Na wewe mazoezi unafanya?"

"Mwanangu, mimi naamka saa tisa usiku kuwahi dagaa. Mazoezi gani tena?"

Ana haki ya kuuliza. Lakini nilimwomba anieleze siku yake. Saa tisa usiku anashuka kwa bodaboda, akifika mwaloni anakaa kwenye kigoda mbele ya turubai, anachagua, anapima kwa sado, anapokea hela. Jua likiwa utosini bado yuko palepale. Jioni bodaboda inamrudisha hadi barabara inapoishia. Amechoka kweli, mgongo unamuuma kweli, ila misuli mikubwa ya mapaja haijafanya kazi siku nzima isipokuwa zile ngazi za mwisho za kuelekea nyumbani. Kuchoka na kufanya mazoezi ni vitu viwili, na mishipa inakitambua kile cha pili tu.

Dozi ile iliyoandikwa kwenye kopo lake ndiyo iliyonishtua, kwa sababu niliijua. Mwaka 2009 Michael Ristow na wenzake, Ujerumani, walichapisha jaribio ambalo naona kila muuza vitamini angepaswa kulisoma. Waliwachukua vijana wa kiume, wakawafanyisha mazoezi siku 5 kwa wiki kwa wiki 4. Nusu walimeza vitamini C miligramu 1,000 na vitamini E yuniti 400 kila siku, nusu hawakumeza. Mwisho wa wiki hizo, wasiomeza insulini yao, homoni inayoingiza sukari kwenye seli, ilifanya kazi vizuri zaidi kuliko mwanzo, na misuli yao iliongeza vimeng'enya vya mwili wenyewe vya kupambana na chembe huru. Waliomeza vitamini walitoka jasho lilelile, wakakosa faida hizo.

Kwa nini? Kwa sababu chembe huru kidogo zinazotoka kwenye msuli unaofanya kazi ndizo zinazotoa taarifa. Mwili ukizipata unaitikia kwa kujenga ulinzi wake wenyewe. Mkono wa mvuvi anayevuta nyavu huota sugu kwa kuwa unasuguliwa kila siku. Ukiuvisha glavu nene tangu mwanzo, utabaki laini, na siku glavu ikikosekana utachubuka. Vitamini ya dozi kubwa inaizima ile taarifa kabla haijafika.

Kuna jaribio jingine dogo la mwaka huohuo ambalo limenigusa zaidi, kwa sababu lilipima mishipa yenyewe kwa kile kipimo cha mkanda. Wahusika walikuwa wazee wachache wa kiume wenye presha ya juu kidogo. Kabla hawajaanza mazoezi walipewa mchanganyiko wa vitamini C, E na asidi ya alfa lipoiki, ambayo nayo huzima chembe huru, na mishipa yao ikapanuka vizuri zaidi. Kisha wakafanyishwa mazoezi ya miguu kwa wiki kadhaa. Presha ikashuka, upanukaji wa mishipa ukaongezeka bila kidonge. Walipopewa tena mchanganyiko uleule baada ya mazoezi, presha ikapanda na upanukaji ukapungua. Kidonge kilichomsaidia asiyefanya mazoezi kikageuka mzigo kwa anayefanya. Lilikuwa jaribio la watu wachache, na siwezi kulifanya sheria. Tena watafiti wa Copenhagen waliochunguza jambo la aina ya Ristow miaka michache baadaye hawakuona vitamini zikiharibu faida ya mazoezi kwa insulini. Kwa hiyo ubishi upo. Ila upande wa pili wa mizani ni mtupu: hakuna jaribio kubwa lililoonyesha kwamba vidonge hivyo vinamkinga mtu wa 6.4 na kiharusi. Kati ya kitu kisicho na faida iliyothibitishwa na ambacho huenda kikazuia faida iliyothibitishwa, sioni sababu ya mama mdogo kukitolea hela ya dagaa.

Faida iliyothibitishwa ndiyo hii. Mwaka 1986, katika mji wa Daqing nchini China, watu 577 wa hatua ya kabla ya kisukari waliwekwa kwenye makundi: wa chakula, wa mazoezi, wa vyote viwili, na wa kuachwa kama walivyo. Baada ya miaka 6, kundi la mazoezi peke yake lilikuwa limepunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 46. Ilikuwa hivyo kwa wanene na kwa wembamba, jambo ambalo nimemsisitizia sana mama mdogo. Walifuatiliwa kwa miaka 30, na majibu yaliyotoka 2019 yalionyesha kwamba waliobadilisha maisha walichelewa kupata kisukari kwa karibu miaka 4, na matukio ya moyo na mishipa yalipungua kwa asilimia 26. Marekani ilifanya utafiti wa kwake kwa watu 3,234, majibu yakatoka 2002: dakika 150 za kutembea kwa wiki pamoja na kupunguza asilimia 7 ya uzito vilipunguza kisukari kwa asilimia 58, wakati dawa ya metformini ilipunguza kwa asilimia 31. Kwa wenye umri wa miaka 60 na zaidi, mabadiliko ya maisha yalipunguza kwa asilimia 71. Nikisikia mtu akisema "mimi nimeshazeeka, mazoezi ni ya vijana," hiyo ndiyo namba ninayomtajia.

Namna mazoezi yanavyofanya kazi nayo inafurahisha. Msuli unapojikunja, vibebea sukari vilivyo ndani ya seli vinapanda juu ya ukuta wake na kuingiza glukosi bila kungoja insulini. Hata mwenye insulini chache ananufaika. Halafu kuna mishipa: moyo ukienda mbio, damu inausugua utando, na utando hujibu vilevile kama mkanda ulipofunguliwa, isipokuwa hapa mishipa mingi ya mwili inashiriki, kila siku. Wiki zikipita, seli hutengeneza kile kimeng'enya cha naitriki oksaidi kwa wingi zaidi. Nguvu ya kuitumia insulini vizuri hudumu siku moja hadi tatu baada ya mazoezi, ndiyo maana wataalamu wanasisitiza usipitishe siku mbili mfululizo umekaa.

Hilo la insulini chache ni la kwetu hasa. Watafiti wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, hapa Mwanza, wakishirikiana na wenzao wa London na Denmark, wamechunguza watu wazima wa huku na kuona kwamba wengi wenye sukari ya juu tatizo lao kubwa ni kongosho kutotoa insulini ya kutosha, kuliko mwili kuikataa insulini kwa sababu ya unene. Picha ya kisukari tuliyoizoea, ya mtu mwenye kitambi, inawaacha nje wembamba wengi wa Kanda ya Ziwa. Kama una miaka zaidi ya 40, au mzazi wako ana kisukari, kapime, hata kama suruali zako za miaka kumi iliyopita bado zinakutosha.

Basi kutembea. Jiji hili lina milima, na miamba yake ni shule nzuri. Ngazi za Bugarika, Igogo au Mabatini zinaupandisha moyo ndani ya dakika tatu. Asiyeweza mlima ana barabara ya Capri Point, tambarare kiasi, upepo wa ziwa unampiga usoni, asubuhi watu wanasalimiana "mwangaluka" wakipishana. Kasi ya kutosha ni ile ambayo unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Kuogelea ziwani sikushauri, kichocho kipo. Kwa mama mdogo tulipanga kitu kisichomgombanisha na biashara: bodaboda imshushe mbali kidogo na nyumbani, amalizie kwa miguu, apande ngazi bila kusimama hadi kwenye mwamba mkubwa, apumzike, apande tena. Na kila akimaliza kula, azunguke sokoni robo saa kabla hajakaa. Jaribio la 2013 kwa wazee walio karibu na kisukari lilionyesha kwamba dakika 15 baada ya kila mlo zilidhibiti sukari sawa na dakika 45 za mkupuo mmoja, na baada ya chakula cha jioni zilishinda. Siku mbili kwa wiki abebe mzigo: ndoo ya maji nusu, kuinuka na kukaa kwenye kigoda chake mara kadhaa. Msuli mkubwa ni ghala kubwa la sukari.

Aliniuliza kama basi vitamini hazina maana. Zina maana sana, ila zitoke kwenye chakula. Mwanaume mzima anahitaji miligramu 90 hivi za vitamini C kwa siku, mwanamke 75. Pera moja la wastani linapita hapo. Mapera yana vitamini C mara kadhaa zaidi ya chungwa. Papai, embe, ubuyu usiotiwa sukari wala rangi, navyo vipo. Vitamini E iko kwenye karanga, na mchicha wa karanga ni chakula chetu tangu hapo. Beta karotini iko kwenye matembele na kwenye viazi lishe vya rangi ya chungwa. Chakula kinakuletea vitamini hizo kwa kiasi, pamoja na nyuzinyuzi zinazoichelewesha sukari, na sijaona jaribio linalosema pera limemharibia mtu mazoezi yake. Tule tunda zima lakini. Juisi ya embe iliyotiwa sukari inakaribia soda, na soda moja ina gramu 35 hivi za sukari. Mboga zisichemshwe hadi zikawa uji, maana vitamini C inakufa kwa moto na kumwagwa na maji. Na ule mlima wa ugali wa udaga upungue, samaki na mboga ziongezeke. Kwa mtu wa mwaloni sato na dagaa si tatizo.

Wapo wanaostahili kidonge: aliyethibitishwa ana upungufu, mjamzito aliyeandikiwa, mtu mwenye ugonjwa wa kufyonza chakula. Hao wafuate daktari. Wengine wajue kwamba vitamini C ya dozi kubwa inaongeza uwezekano wa mawe kwenye figo, hasa kwa wanaume, na inaweza kuzipotosha baadhi ya mashine za kupimia sukari. Vitamini E ya dozi kubwa ni hatari kwa anayetumia dawa ya kuzuia damu isigande kama warfarini. Na mwenye maumivu ya kifua akipanda mlima, au kidonda cha mguu, au presha isiyodhibitiwa, aonwe kwanza na daktari kabla ya ngazi za Bugarika. Anayetumia insulini au dawa za kushusha sukari haraka ajifunze dalili za sukari kushuka sana kabla ya kubadilisha ratiba yake.

Kopo tulilirudisha dukani, hawakulipokea kwa kuwa lilishafunguliwa, na sikumwachia alimalize. Chembe nyekundu za damu huishi siku 120 hivi, kwa hiyo HbA1c ya mapema haiwezi kuonyesha kazi aliyoifanya. Nimempangia arudi baada ya miezi mitatu, asubuhi, bila kunywa chai. Selimundu nilimpima, hana, kwa hiyo jibu lake nitaliamini. Likiwa zuri ataendelea na ngazi. Likiwa limepanda, ataendelea na ngazi, na daktari ataamua kama ni wakati wa kumwongezea metformini.